Jaa Isiyoonekana: Tarikhi ya Upimaji wa Nyota katika Bahari ya Pemba

Katika Kiswahili cha wahenga wa pwani limo neno moja fupi, jaa, ambalo wengi wetu leo hulijua kwa maana ya rundo la taka, ilhali mabaharia wa zamani walilitumia kwa maana iliyo tukufu zaidi: lilikuwa jina la nyota ya ncha ya kaskazini, na kutokana na nyota hiyo likawa jina la upande wa kaskazini wenyewe, kama vile suheli, jina la nyota kubwa ing'aayo kusini, lilivyokuwa jina la upande wa kusini, na matlai, mahali nyota zichomozapo, lilivyokuwa jina la mashariki. Mtu akisimama Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, usiku ambao mbingu haina wingu, akaelekeza uso baharini na kukesha mpaka alfajiri, hataiona jaa; hakuiona babu yake hapo, wala babu wa babu yake, kwa kuwa Pemba iko digrii tano kusini ya Ikweta, na nyota hiyo hapo imesitirika chini ya upeo wa bahari. Jina lakini lilikuwapo vinywani mwa manahodha. Kisiwa kilichohifadhi jina la nyota ambayo hakijapata kuiona ni kisiwa cha watu waliokwenda mbali wakarudi, na cha wageni waliotoka mbali wakakaa.

Nakusudia kusimulia tarikhi ya upimaji wa nyota katika maji hayo, tangu siku za vidole na kamali hata siku za sekstanti, kisha niseme neno juu ya namna ya kumchagulia chombo mwanafunzi wa leo anayetaka kuijua ilimu hii. Mambo hayo mawili hayaachani, maana hakuna awezaye kuchagua vyema chombo cha kupimia mbingu kabla hajaijua mbingu ya kwao, na mbingu ya Pemba ina tabia zake ambazo wahenga walizijua vizuri kuliko sisi.

Kwanza na tukitazame kisiwa kwa macho ya nahodha. Urefu wake, toka Kigomasha hata ncha ya kusini, ni kilomita 67 hivi, na upana wake, panapozidi, ni kilomita 22. Upande wa machweo kimetengwa na mrima wa Tanga kwa mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina kipatacho mita 800, kina ambacho hakuna amari wala nanga iwezayo kukifikia. Pwani ya upande huo imezingirwa na miamba na visiwa vidogo, Njao, Fundo, Uvinje, Kokota na Misali, na baina yake milango ya kuingilia ni myembamba na maji hupita kwa nguvu. Upande wa mawio, kuliko Kojani na ndugu zake, mawimbi ya bahari kuu huvunjika mwambani bila ya kizuizi chochote tangu yalikozaliwa. Basi nahodha aliyefika usiku, asijue kama amekwisha kuipita Kigomasha au bado, hakuwa na mahali pa kutia nanga akangoja kuche. Alikuwa na elimu yake tu na dua yake.

Na bandari za kisiwa hiki zilitafutwa na watu tangu zama za kale sana. Mwanatarikhi al-Masudi alipanda chombo Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 wa Hijra, ambao ni 916 au 917 wa Miladi, na akaeleza kuwa Qanbalu kulikuwa na Waislamu waliosema lugha ya Zanji. Wanazuoni wengi wanaona kuwa mji huo ulikuwa Pemba, na mara nyingi hutajwa magofu ya Ras Mkumbuu. Yaqut, mwandishi wa karne ya 13, aliijua Pemba kwa jina la al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na akaitaja miji yake miwili kwa majina ambayo mpaka leo yanasikika katika Mtambwe na Mkumbuu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimiya. Dinari hizo hazikutembea kwa miguu. Zililetwa na vyombo, na vyombo vililetwa na watu waliojua kusoma anga.

Anga hiyo ilikwenda pamoja na pepo, na hapa ndipo panapodhihiri jinsi Mwenyezi Mungu alivyowapangia mabaharia wetu kalenda mbili zinazoafikiana. Kaskazi huvuma toka Disemba hata Machi na kuvisukuma vyombo kuja kusini. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha kaskazini. Katika jioni za Februari, wakati kaskazi ingalipo, Suheli husimama juu upande wa kusini, kiasi cha digrii 42 juu ya upeo wa Pemba, kama taa iliyotundikwa kumwonyesha njia ajaye. Na katika jioni za Juni, wakati kusi imeshika, nyota mbili za Farkadi, walinzi wa ile jaa isiyoonekana, hufikia kimo chao cha juu upande wa kaskazini, chini chini juu ya maji, kama kiasi cha digrii kumi na moja hata kumi na tatu, zikimwashiria aondokaye kule anakokwenda. Msimu wa kuja una nyota yake mbele ya omo, na msimu wa kwenda una zake.

Siku nazo zilihesabiwa kwa mwaka wa jua, kwa kuwa mwezi, ambao ndio mizani ya ibada zetu, hautabiri upepo. Mwaka huo ulianza kwa Nairuzi, Siku ya Mwaka, jina lililokuja kutoka Uajemi, na ukagawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Na wavuvi wa Pemba, hasa Wakojani, ambao husafiri miezi mingi kwenda dago mpaka Tanga, Mombasa na mbali zaidi, walijua katika mwongo gani upepo hugeuka, katika mwongo gani bahari hufunga, na katika mwongo gani samaki fulani hupita. Kilimia nacho kilikuwa shahidi, maana kuzama kwake na kuzuka kwake kulijulisha mvua na kiangazi. Elimu hii haikuandikwa vitabuni kwa wingi. Ilikaa katika hifadhi ya wazee na kupokezwa kwa vijana usiku, juu ya sitaha, pale ambapo mafunzo na uthibitisho wake vilikuwa mahali pamoja.

Lakini kuijua nyota ni jambo moja, na kuipima ni jambo jingine. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kwa kidole, ambacho katika Kiarabu huitwa isba: mtu alinyosha mkono, akaweka vidole juu ya upeo wa macho, akahesabu vidole vingapi vimeingia baina ya maji na nyota. Wanachuoni wa bahari wakakiwekea kidole hicho kanuni, wakaigawa duara ya mbingu vidole 224, hata kila kidole kikawa takriban digrii moja na dakika 36. Na sehemu moja katika nane ya kidole wakaiita zamu, ambayo ilikuwa mwendo wa chombo kwa saa tatu. Kisha, ili vidole vya mtu mnene visihitilafiane na vya mtu mwembamba, wakafanya kamali: kibao kidogo cha mti kilichotobolewa katikati, na katika tundu uzi wenye mafundo. Nahodha aliuma uzi kwa meno, akanyosha kibao mbele mpaka uzi ukakazana, akaulinganisha ukingo wa chini na upeo wa bahari na ukingo wa juu na nyota. Na fundo lililokuwa menoni likamwambia ni vidole vingapi. Kila bandari ilikuwa na kipimo chake, na baharia aliyetaka kurudi bandarini kwake alikwenda kaskazini au kusini mpaka nyota ikakaa katika kipimo hicho, kisha akafuata mstari huo mpaka akaiona nchi.

Na tufanye hisabu kidogo, maana hisabu hiyo ndiyo itakayotufahamisha ubora na upungufu wa kamali. Kidole kimoja ni sawa na maili za bahari 96. Kisiwa kizima cha Pemba, toka ncha hata ncha, ni maili 36, yaani hakifiki nusu ya kidole. Zamu tatu, mwendo wa saa tisa, zinakimaliza. Nahodha aliyekosea robo ya kidole, na robo ya kidole ni kosa dogo kwa mtu asimamaye juu ya chombo kinachoyumba, alikosea maili 24, ambazo ni karibu na upana wa mkondo wote baina ya Pemba na bara. Kwa hiyo kamali ilimfikisha baharia katika ujirani wa kisiwa, lakini haikuweza kumwingiza katika mlango wa Njao. Kazi hiyo ya mwisho ilifanywa na mambo mengine: bildi iliyotupwa majini kupima kina na kuleta mchanga wa chini ulionata katika mafuta yake, rangi ya maji inayogeuka toka samawati nzito hata kijani, ndege wanaorudi nchi jioni, na harufu ya ardhi inayoletwa na umande wa bara. Rubani alikuwa mtu wa kujumlisha mashahidi wengi, asimwamini mmoja peke yake.

Kamali ilikuwa na taabu nyingine katika latitudo yetu, nayo ndiyo inayonirudisha kwenye jaa. Chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo kimo chake ndicho latitudo ya mtazamaji, pakiwa na sahihisho dogo; na mtu atokaye Arabuni kuja Uswahilini huiona ikishuka usiku baada ya usiku, mpaka inapotea. Wenye ilimu hawakukwama hapo. Ahmad bin Majid, mwalimu wa bahari aliyezaliwa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, na ambaye kitabu chake kikubwa cha misingi ya ilimu ya bahari kilikamilika karibu na mwaka 1490, alifundisha kuwa jaa ikizama hupimwa Farkadi, na Farkadi zikiwa chini mno hupimwa nyota za Naashi zinapopita mstari wa kaskazini. Naye alitunga pia utenzi wa Kiarabu juu ya njia ya kwenda Sofala, kusini kabisa ya maji yetu. Nyota hizo ndizo Mpemba anazoweza kuziona. Mwalimu wa Julfar alimhesabia mtu wa kusini mbingu yake, akajua kuwa anayoiona yeye nyumbani kwake siyo aionayo kila mtu.

Kwa sababu hiyo Wareno walipofika pwani hii hawakuikuta gizani. João de Barros, mwandishi wao wa karne ya 16, asimulia kwamba Vasco da Gama alipokuwa Malindi mwaka 1498 alimwonyesha rubani aliyepewa huko astrolabu kubwa ya mti na nyingine za shaba, akitaraji kumstaajabisha, na rubani yule hakustaajabu. Akajibu kuwa marubani wa Bahari ya Shamu walikuwa na vyombo vya shaba vya pembe tatu na vya robo duara kwa kupimia jua na nyota, na kuwa yeye na wenziwe walitumia chombo kingine, kilichofanywa kwa vibao vitatu. Merikebu ziling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei zilikuwa mbele ya Calicut. Hadithi iliyoenea kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid mwenyewe haina uthibitisho, na Barros amwita Mwislamu wa Gujarati. Walakini hadhi ya jambo haipungui kwa hilo, maana yatosha kujua kuwa Malindi, safari ya siku chache kutoka Pemba, alipatikana mtu ambaye bahari kuu ilikuwa kwake njia iliyokwisha kupimwa.

Sekstanti yenyewe ilizaliwa baadaye sana, na wazazi wake ni wengi. Jina lake lina maana ya sudusi, sehemu moja katika sita, kwa kuwa tao lake ni sudusi ya duara; na mtu wa pwani ambaye amezoea kusikia thuluthi, robo na sudusi katika mirathi hatakuwa mgeni wa neno hilo. Mwaka 994, katika mji wa Rayy huko Uajemi, al-Khujandi alikwisha kujenga sudusi kubwa ya ukuta kwa kupimia kimo cha jua, lakini ile ilikuwa jengo, haikuweza kupakiwa chomboni. Chombo cha mkononi chenye vioo viwili kilionyeshwa London na John Hadley mwaka 1731, kikiwa na tao la thumni ya duara. Na katika miaka ya mwisho ya 1750 fundi John Bird, kwa shauri la Kapteni John Campbell, akalirefusha tao mpaka likawa sudusi.

Werevu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Mwenye kamali hulazimika kutazama pahali pawili kwa jicho moja, ukingo wa juu na ukingo wa chini, na chombo kikiyumba, kimoja humponyoka anapokiangalia kingine. Mwenye sekstanti huona vyote viwili pamoja: kioo kilicho juu ya mkono unaosogea hulichukua jua na kulishusha mpaka kioo cha pili, ambacho nusu yake ni wazi na huonyesha upeo wa bahari, na jua likakaa juu ya maji kama yai juu ya sahani. Chombo kikiyumba, jua na upeo huyumba pamoja, wala haviachani. Na kwa kuwa nuru imerudishwa mara mbili, tao la digrii 60 husomeka digrii 120. Kosa la dakika moja ya digrii ni kosa la maili moja ya bahari. Na mtu akikumbuka kuwa robo ya kidole ilikuwa maili 24, ataona ni masafa gani ambayo ilimu ilikuwa imeyakata.

Chombo hiki kilikuja Pemba mikononi mwa watu waliokuwa na mradi wao. Baina ya 1822 na 1826 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza, na manowari zake Leven na Barracouta, alizunguka pwani ya Afrika akichora ramani za bahari, kwa sekstanti na saa za bahari na bildi, huku homa ikiwaua watu wake kwa wingi. Wakati huo Pemba ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Mazrui wa Mombasa na kuingia katika utawala wa Sayyid Said, mtawala wa Oman. Na Mazrui, kwa tamaa ya kupata msaada, walimwomba Owen bendera yake mwaka 1824, naye akaitweka, mpaka serikali yake ikaishusha mwaka 1826. Ramani zilidumu kuliko bendera. Kuanzia hapo rasi na miamba ya Pemba ikawa na digrii na dakika zilizoandikwa, na mgeni asiyejua neno moja la Kiswahili aliweza kuikaribia Misali akiwa na karatasi mkononi. Elimu iliyokuwa amana ya rubani wa kienyeji ikawa bidhaa, na rubani akapungukiwa na heshima.

Wakubwa wa Unguja waliiona thamani ya jambo hilo. Merikebu Sultana ya Sayyid Said iliyofika New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiwa na karafuu katika shehena yake na Ahmad bin Naaman kuwa mjumbe wa Sayyid, iliongozwa katika bahari ya Atlantiki na Mwingereza aliyeajiriwa kwa hisabu ya sekstanti. Na baada ya tufani ya Aprili 1872, iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja ikaiacha ya Pemba, ikawa karafuu ya dunia kwa sehemu kubwa yatoka katika vilima vya kisiwa hiki, na majahazi yaliyoichukua toka Wete, Chake Chake na Mkoani kupeleka Unguja yaliendelea kusafiri kwa macho, kwa rasi na kwa nyota kama zamani, kwa kuwa safari ilikuwa fupi na nahodha aliijua njia kama aijuavyo njia ya msikitini kwake.

Hata katika karne ya 20 mambo hayo mawili yaliishi pamoja. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hata Unguja na Rufiji katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasser al-Najdi, akaona jinsi nahodha yule alivyoendesha chombo kwa kuijua pwani, rasi kwa rasi. Ilhali Kuwait hiyo hiyo ilikuwa na manahodha walioikata bahari kuu kwa sekstanti, na mmoja wao, Isa al-Qitami, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha kuwafundishia wenziwe. Kwa hiyo si kweli kwamba sekstanti ilikuwa ya Wazungu na kamali ikawa ya watu wa Mashariki. Yeyote aliyehitaji kuvuka bahari isiyo na rasi aliitafuta sekstanti, na yeyote aliyefuata pwani aliiacha, hapana jingine.

Leo majahazi mengi yana mashine, na kijana wa Kojani ana simu inayomjulisha mahali alipo kwa msaada wa setilaiti. Neema hiyo si ya kudharauliwa, kwani imeokoa roho nyingi. Lakini simu huzimika, hulowa, na ishara zake zaweza kuvurugwa na mtu aliye mbali. Ndiyo maana Chuo cha Jeshi la Majini cha Marekani, kilichokuwa kimeliacha somo la nyota, kililirudisha mwaka 2015, na kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia bado zinamtaka ofisa wa meli alijue. Kijana wa Kitanzania atakayesomea uofisa katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam atakutana nalo. Nami natamani akutane nalo akiwa amekwisha kulionja kwao.

Basi achague chombo gani? Jibu langu la kwanza litamshangaza: asinunue kitu. Achukue kibao cha ukubwa wa karata na uzi wa kitani, atie mafundo, afanye kamali kwa mikono yake, na kwa miezi ya kusi azipime Farkadi kutoka ufukwe ulio wazi upande wa kaskazini, usiku baada ya usiku, mpaka ajue kwa mwili wake kwamba nyota hupanda, hufikia kimo chake na kushuka. Aliyekuwa na mwezi mmoja wa kazi hiyo atakuwa na jicho, na sekstanti bila jicho ni shaba tu.

Akishakuwa na jicho, atakuta sokoni namna tatu. Namna ya kwanza ni ya plastiki, kama zile za Davis za Marekani. Ni rahisi, nyepesi, wala haziogopi chumvi, lakini jua la Ikweta huzivimbisha, na vioo vyake huhama kidogo baina ya kipimo na kipimo, kwa hiyo makosa yake lazima yapimwe kila mara. Namna ya pili ni za madini za kazi, kama za Plath ya Ujerumani au Tamaya ya Japani, ambazo iliyotumika ikatunzwa ni bora kuliko mpya iliyo duni. Namna ya tatu ni zile za shaba ing'aayo ziuzwazo kuwa pambo la meza. Hizo apite, maana tao lake halikugawanywa kwa ajili ya kupima, na kila atakalosoma humo litamdanganya.

Katika ile ya madini ayatazame mambo manne. Atazame vioo, visiwe na madoa meusi kandokando yaliyoletwa na hewa ya chumvi. Azungushe gurudumu la kipimo mbele na nyuma na asikilize kwa vidole kama lina ulegevu, kwa sababu ulegevu ni ugonjwa wa meno usiotibika kwa urahisi. Atafute hati ya fundi ndani ya kifuniko cha sanduku, inayoeleza makosa ya tao. Na juu ya yote ahesabu vioo vya rangi vya kuzuilia ukali wa jua, avijaribu kila kimoja, asithubutu kulielekea jua bila ya hivyo hata kwa nukta moja. Kwani katika latitudo yetu jua la adhuhuri ni kali kupita kiasi, na jicho halinunuliki. Kosa la kioo, ambalo kila sekstanti inalo, si aibu ya chombo maadamu mwenyewe analijua na kulitoa katika hisabu.

Kipimo cha kwanza cha kujifunza ni cha adhuhuri, na kwa hilo kijana wa Pemba ana urithi tayari, kwa kuwa zawali ya jua, ile saa ambayo jua hufika kimo chake na kuanza kupinduka, ndiyo waliyoipima waadhini kwa kivuli tangu kale ili kuijua Adhuhuri. Mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini kabisa, aende Kigomasha penye mnara wa taa, mahali ambapo upeo wa kaskazini ni bahari tupu. Baada ya kutoa makosa yote atapata kimo kama cha digrii 61 na dakika 42. Akiondoa katika 90 atabakiwa na digrii 28 na dakika 18. Na akiondoa humo digrii 23 na dakika 26, ambazo ndizo umbali wa jua kutoka Ikweta siku hiyo, atapata digrii 4 na dakika 52 za kusini, yaani pale pale alipokanyaga. Mwezi wa Disemba ahamie ncha ya kusini ya kisiwa, maana jua litakuwa upande wa pili, kiasi cha digrii 72 juu ya upeo. Lakini karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba aweke chombo sandukuni saa ya adhuhuri: siku hizo jua hupita utosini mwa Pemba, vivuli humezwa na miguu, na jua hukimbia toka mashariki hata magharibi kwa dakika chache, hata mabaharia hodari hulipima kwa taabu.

Ama kuijua longitudo, hilo lataka saa iliyo sahihi, kwani nukta nne za saa ni maili moja ya bahari katika maji yetu, na ladai somo jingine. Mwanafunzi asilikimbilie. Wahenga walifika Qanbalu kwa latitudo na bildi na subira.

Nawasihi wazee wa Kojani, Wete na Mkoani wanaozijua bado nyota na miongo, wawaite wajukuu zao usiku mmoja na kuwaonyesha Farkadi na Suheli kwa majina yake; na nawasihi walimu wa skuli zetu waliweke somo la jiometria ufukweni japo mara moja kwa mwaka, wakiwa na kibao na uzi. Sekstanti itakuja baadaye, na ikija itamkuta mwenyeji. Farkadi zitasimama juu ya upeo wa kaskazini wa Kigomasha mwezi wa Juni ujao, kiasi cha vidole saba hata vinane, kama zilivyosimama mwaka jana.